Mbwa Aliyeitwa Karibu

Nilipohamishiwa Mtawanya, mkoani Mtwara, kufundisha shule ya msingi, mwalimu mwenzangu aliyekuwa akirudi kwao aliniachia mbwa mdogo mweusi. Mimi mtu wa Kilimanjaro, simjui mtu. Kwa kuwa mbwa ndiye aliyenipokea, nikamwita Karibu. Jina nililiona zuri mno, naye akalishika upesi kwa vichwa vya samaki.

Jumamosi moja jirani yangu, mama mwenye mikorosho nyuma ya nyumba yangu, akaja na sahani ya mihogo.

"Hodi!"

"Karibu!" nikaitika kutoka jikoni, kwa moyo wote.

Mbwa alikuwa uani. Kusikia jina lake, akaja mbio kunifuata ndani, akapita katikati ya miguu ya mgeni mlangoni. Sahani ikaruka. Mihogo ikaliwa pale pale, na ule ulimi ukamaliza kwa kumlamba mama kisigino.

"Niletee maji, mwalimu," alisema taratibu. "Na udongo safi."

Nilijua kwamba kwa dini yake, akilambwa na mbwa alipaswa kujitwaharisha. Nikainama nikimmiminia maji, mara ya kwanza pamoja na udongo, ya pili, hadi ya saba, huku naomba radhi kila mara. Mara ya tano nikahisi mguu unatikisika. Alikuwa anacheka.

"Hivi mwalimu, siku zote nikikaribishwa hapa, huwa tunakaribishwa wawili?"

Tukakaa barazani kumtafutia mbwa jina jingine.

"Korosho?" nikasema.

"Msimu ukifika atakufuata mpaka mnadani."

"Rafiki?"

"Wangapi watageuka ukiita barabarani?" Akafikiri kidogo. "Kwenu kuna kitu gani ambacho huku hakuna?"

"Theluji."

"Hiyo hiyo! Tangu nizaliwe sijapata sababu ya kuitaja."

Na mimi nikalipenda, maana nilikuwa nimeukumbuka mlima wetu kuliko nilivyokubali kusema. Mbwa alichukua wiki mbili kuzoea. Jirani yangu, kwa matamshi yake, humwita Seluji akiwa upande wake wa ua, na mbwa huitika kwake haraka kuliko kwangu.

Juzi mama yangu mzazi alinipigia simu, akanisikia nikipaza sauti, "Theluji! Theluji, ingia ndani!"

"Mwanangu," akauliza kwa hofu, "huko Mtwara kumeharibika nini?"