Visanduku vya Mkunga

Kazini walimwita Bi Visanduku, na jina lilimkaa. Nyumbani kwake hata kopo la chumvi lilibandikwa karatasi iliyoandikwa "chumvi".

"Siku moja nitaamka nimebandikwa 'mume', na tarehe ya kuisha muda," mumewe alimtania.

"Tarehe ninayo. Nangoja tu uniudhi."

Basi alipopewa kazi ya kuunganisha kumbukumbu za wagonjwa, za hospitali kubwa na za zahanati ndogo iliyokuwa ikifungwa, aliona kazi imempata mwenyewe. Kila mgonjwa alikuwa na faili mbili kwenye kompyuta; programu yake ilitakiwa kuzifanya moja. Lugha ya kompyuta aliyoitumia kuiandika ilikuwa kali: kila kisanduku, yaani nafasi ya kujaza taarifa, kitajwe mapema, jina lake na aina ya kitu kitakachoingia humo, namba au maneno. Kisichotajwa, hakina nafasi.

Saa nne asubuhi aliijaribu. Ikaenda laini, laini mno hata akaingiwa na shaka. Alipohesabu visanduku vilivyoingia na vilivyotoka, elfu moja na mia mbili vilikuwa vimeyeyuka njiani, kimya kimya. Vyote vya zahanati. Akafungua faili za mwanzo, akasoma: *Mkono: kulia tu. Hatua: 40. Mlango wa nyuma: ndiyo.*

"Takataka hizo," alisema mkuu wake, akiinama begani kwake. "Mkunga wa kule akijisikia tu anafungua kisanduku kipya. Saa nane mafundi wanaifuta ile mashine ya zahanati, dada. Peleka vinavyojulikana, tumalize."

Lakini moyo ulimwasha kutaka kujua. Akampigia mkunga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe unayewahamisha wagonjwa wangu?"

"Ndiye mimi. Mama, 'mkono, kulia tu' ni nini?"

"Yule alipasuliwa titi la kushoto. Mkono wa upande ule usichomwe sindano wala usifungwe kipimo cha presha, unaweza kumvimba. Fomu yenu haina pa kuliandika hilo. Ulitaka niandike ukutani?"

"Na hatua arobaini?"

"Babu mmoja mgonjwa wa moyo. Anatembea arobaini, anapumzika. Zikipungua, mimi najua kabla hajafungua kinywa."

"Na mlango wa nyuma?"

Upande wa pili ilisikika droo ikisukumwa.

"Hicho hakikuhusu. Kibebe tu. Atakayempokea mgonjwa huyo nitamwambia mwenyewe."

Bi Visanduku alikata simu, akaitazama skrini. Kibebe tu! Kuvitaja vyote kimoja kimoja hakukuwezekana, na kila faili ilikuwa na vioja vyake. Saa sita na nusu akapata wazo. Katika faili ya kila mgonjwa alitangaza mfuko mmoja, akaiambia lugha waziwazi kwamba vilivyomo aina yake haijulikani. Vingebebwa na majina yao kama vilivyo, vionekane juu kabisa kwa muuguzi. Programu isingeruhusiwa kukitumia kimojawapo kabla ya kukikagua ni kitu gani. Na pale faili mbili zilipopingana, majibu yote mawili yalibaki, muuguzi aamue.

"Unaijazia hospitali vitu usivyovijua," mkuu alinung'unika.

"Sivijui mimi, wapo wanaovijua. Yule mama aliyepasuliwa titi akichomwa mkono wa kushoto Jumatatu, wewe ndiye utakayemweleza kuwa ilikuwa takataka?"

Mkuu akakuna shingo. "Haya. Ila saa nane ni saa nane."

Ilipobaki dakika tano, hesabu ya kuingia na ya kutoka zilikuwa sawa. Akarudia, zikawa sawa tena. Akashika simu.

"Wamefika wote, mama, na vyao vyote. Sasa mafundi waifute mashine yenu."

"Hata usivyovielewa?"

"Hivyo ndivyo nilivyovihesabu mara mbili."