Corona ilihamisha mkutano wa ward online, Silanga ikakataa kunyamazishwa

Wakuu, niaje. Hii sijaambiwa na mtu. Nilikuwa hapo mwenyewe, mask kwa kidevu.

Mimi nina salon Kawangware, pale stage ya 56. Auntie yangu Akoth, dadake mamangu, anauza mboga Silanga, kule Kibera. Kabla ya corona alikuwa haachi baraza hata moja. MCA, yule mwakilishi wa ward, akimuona amesimama, anatafuta maji ya kunywa.

Halafu mikutano ikapigwa marufuku. Mambo ya ward yote yakaenda online.

Siku hiyo salon ilikuwa tupu, si mnakumbuka vile watu waliogopa kuguswa kichwa? Nikaingia kwa mkutano mmoja, link ilikuwa inazunguka WhatsApp, tu kuua time. Walikuwa wanaamua project ya ward ya kina Auntie: bomba la maji Silanga ama taa za barabara kule Olympic, upande wa wenye nafasi.

Nyuso zote zilikuwa za Olympic. Sofa, mapazia mazuri, mzee mmoja na mbwa wake.

Chair akauliza kama kuna mtu wa Silanga. Hakuna. Akasema basi wiki ijayo wanapitisha taa.

Hao watu hawakuwa wabaya, tusidanganyane. Walikuwa tu na wifi.

Nikampigia Auntie. Nilidhani atawaka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba siasa sasa ni ya watu wako na bundles za internet, yeye anatafuta unga.

Hiyo ndiyo iliniuma. Auntie Akoth, kunyamaza?

Wiki iliyofuata nikabeba laptop hadi Silanga. Pastor wa hapo akatutolea speaker za kanisa. Akina mama wakaketi kwa njia, kila mtu na stuli yake, mbali mbali, mask juu. Nilikuwa na furaha kama mtu wa harusi.

Mkutano ukaanza, Auntie akachukua mic, akaongea vizuri sana, watu wakapiga makofi.

Kumbe tulikuwa mute.

Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Nikafungua sauti, akaanza upya, na sasa alikuwa amepata joto.

"Naitwa Akoth, nauza mboga Silanga. Mnatuambia tunawe mikono kila saa. Tunawe na nini?"

Chair akasema laptop moja ni mtu mmoja, kura moja. Nikageuza camera polepole, nikamwonyesha njia yote, stuli mpaka kwa kona. Hakurudia hiyo maneno.

Aliyefuata kuongea ni yule mzee wa mbwa.

"Taa zingoje," akasema. "Maji kwanza."

Wengine wa Olympic wakamuunga mkono mmoja mmoja. Bomba likapita.

Lilichukua muda kufika, na siku ya kwanza maji yalitoka rangi ya chai. Hakuna aliyejali. Kawangware nasi tukaiga, salon yangu ikawa ukumbi.

Nilichojifunza: ugonjwa ulitupata wote, lakini sauti ilipotea kwanza kwa wale ambao yao ilikuwa inasikika kidogo. Ukisikia mkutano umehamishwa, uliza nani ameachwa nje, halafu umbebee kiti.

Kwenu ilikuwaje, wakuu? Mliingia, ama mliamuliwa? Semeni hapa chini. Auntie anasoma comments, na siku hizi ako na bundles.