Miche Iliyopenda Baridi

Sikiliza nikueleze. Juzi hapa Kitengela nilimsikia muuza miche akimwambia mteja, "Julai hakuna ua linamea. Rudi mvua ikinyesha." Nikamkumbuka mama, ameinama kwenye udongo mweusi alasiri moja ya baridi ya Julai nikiwa mdogo, harufu ya makaa ikitoka kila mlango, akipanda kalendula, yale maua ya manjano, kando ya ukuta wetu.

"Mama Nekesa, hiyo ni chakula ya mbuzi," jirani yetu Mama Naserian alimtania. "Na baridi itaimaliza kabla mbuzi afike!"

"Wacha iimalize. Nitapanda tena."

Niliihurumia ile miche. Mama alipoingia ndani, nikachukua birika nikaimwagia maji moto, nikidhani naiokoa. Kufika jioni safu nzima ilikuwa imelala.

Mama hakunichapa. "Haya maua hupenda baridi, Nekesa. Adui yao ni joto." Akanipa kijiko na miche sita aliyokuwa hajaipanda. Niliipanda nikilia, Mama Naserian akicheka.

Septemba ukuta wetu uliwaka manjano, na Mama Naserian akaja na mkebe kuomba miche.

Basi hata wakikucheka, panda kalendula baridi ikianza, na umwagilie maji baridi kila asubuhi.