Trei tatu za ngolo na maharage yaliyogoma kuota: jinsi mama alivyoniokolea ualimu

Wakuu, kwema? Jana nilisoma walimu humu wakilalamikia zana za kufundishia, nikaona nilete yangu. Sijatia chumvi, na wa Mbinga watanielewa haraka.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria ndiyo limeingia. Wanunuzi binafsi wa kahawa wanapishana milimani, maduka yamejaa sabuni za kila rangi, na mzee wangu hajui msimu ujao atauza kwa nani.

Mimi nipo chuo cha ualimu. Mafunzo ya vitendo nilishafeli mara moja, mkufunzi alinikuta nafundisha kilimo kwa mdomo mtupu.

Nikapewa nafasi ya mwisho, shule ya karibu na nyumbani. Nikifeli tena, ualimu basi.

Safari hii nikajipanga. Nikapigilia trei tatu za mbao, zote zikionyesha mteremko uleule kwa nyakati tofauti.

Ya kwanza, nyasi zimefyekwa, zimekauka, zimelazwa miraba. Ya pili, ngolo zenyewe, yale mashimo yetu ya mteremkoni yaliyozungukwa na matuta yenye nyasi ndani. Ya tatu ilitakiwa ionyeshe matuta yaleyale yameota maharage, tena maharage hai, kwa hiyo nikapanda mbegu.

Nikaweka hadi nyumba ya viberiti na njia ya mbuzi. Msinicheke, nilikuwa na miaka ishirini na mbili na roho juu.

Siku kumi zikapita, trei ya tatu kimya. Nikaenda sokoni kumfokea mama aliyeniuzia mbegu. Akanijibu:

"Mwalimu, mbegu hiyohiyo nimepanda mimi, na imeota."

Nikarudi nimenuna. Mama yangu akaja kuangalia, akaingiza kidole kwenye tuta, akatoa punje imeoza.

"Uliziweka wapi?"

"Juu ya nyasi, mama. Halafu nikafunika udongo wote."

"Umezizika. Nani alikufundisha?"

Hakuna aliyenifundisha, wakuu. Kwetu mwanaume anafyeka nyasi, anazilaza, anaondoka. Kuchimba na kupanda ni kazi ya akina mama. Nimekula maharage ya ngolo tangu naota meno, lakini sikuwahi kubaki shambani mpaka kazi iishe. Nusu nilikuwa naijua, nusu nimebuni.

Mama akabomoa matuta. Akachukua kijiko kikawa jembe: udongo kidogo kutoka katikati ya mraba juu ya nyasi, kisha maharage, kisha udongo mwembamba tena. Tuta la kwanza alifanya yeye. Kwa yaliyobaki akanipa kijiko, akakaa kunisimamia. Zile punje zilizooza akanikataza kuzitupa.

Zilikuwa zimebaki siku nane mkufunzi aje. Kila asubuhi naamkia trei kabla ya kunawa uso.

Siku ya saba, hamna kitu. Usingizi ukapaa.

Asubuhi ya mkufunzi, udongo ulikuwa umepasuka. Miche inatoka, shingo imeinama. Nilikaa chini nikalia kidogo, sioni aibu kusema.

Darasani watoto walijazana kuzunguka trei. Mkufunzi akauliza, "Mwalimu, kwa nini mbegu isiwekwe moja kwa moja juu ya nyasi?"

Nikatoa zile punje zilizooza, nikaeleza mwanzo mpaka mwisho: nyasi zikioza huiozesha na mbegu, na udongo mzito huizuia kutoka.

"Haya umejifunza wapi?"

Ulimi ulitaka kusema chuoni. Nikasema, "Kwa mama yangu, wiki iliyopita."

Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Nilifaulu.

Nilikimbia kumpa mama habari. Alifurahi, akanishika mkono, kisha akasema, "Basi Jumamosi ukishalaza nyasi, usiondoke."

Sikuondoka. Wanaume wenzangu walinitania hadi wakachoka, mimi nachimba na akina mama mpaka mstari wa mwisho. Cheti kina muhuri wa chuo, lakini ualimu wangu nimepewa na yule mama, na namshukuru hadi leo.

Nilichojifunza: kukaa karibu na kazi siyo kuijua. Ukikwama, muulize anayeifanya, hata kama ndiye aliyekuzaa.

Na ninyi, kazi gani ya nyumbani mlidhani mnaijua? Semeni bila aibu, mimi nimeshatangulia.