Bwana Gazeti wa Itaka

Juzi sokoni Vwawa nilisikia vijana wakimcheka mtu mmoja, wakimwita msomi uchwara. Nilinunua maharage yangu nikaondoka. Wewe uliyekulia huku utakumbuka kwamba enzi za Mwingereza hatukuwa na maneno hayo. Pale Itaka tulisema fulani ni mjuaji, au fulani anajitia Mzungu. Na lilikuwepo jina la mtu mmoja tu: Bwana Gazeti.

Alikuwa jirani yetu. Alirudi kutoka migodi ya shaba, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, akiwa na miwani ya waya na gazeti kuukuu alilolikunjua kila jioni mlangoni kwake. Wanawake wenye watoto migodini walimpelekea barua awasomee. Bibi yangu alikuwa mmoja wao, kwa kuwa baba yangu mdogo alikuwa huko mwaka wa tatu. Barua ikifika, bibi aliacha kuanika kahawa, akafuta mikono, akatia viazi vitamu vya moto kwenye ungo, tukashika njia katika ukungu ule wa Juni unaolowesha nguo. Bwana Gazeti alisoma polepole. Mwanao hajambo, anakusalimu sana, anauliza kama yule ng'ombe mwekundu amezaa. Siku hiyo bibi alisonga ugali wa ulezi tusioweza kuumaliza. Barua zilikuja tatu, kisha zikakoma, naye Bwana Gazeti akamwambia bibi kwamba kazi imezidi migodini.

Mwaka uliofuata mimi nilikuwa darasa la tatu shule ya misheni, msichana pekee wa kijiji aliyefika huko, na kichwa kilinivimba. Siku moja alikuwa akimsomea mama mwingine. Nilipita nyuma yake nikaona karatasi imekaa kichwa chini, miguu juu. Nikasema mbele ya wote kwamba ameigeuza, hajui kusoma.

Hakubisha. Alivua miwani, akamrudishia yule mama barua yake. "Mtoto anasema kweli," alisema. "Ya kwanza nilibahatisha, mkafurahi. Baada ya hapo nikashindwa kuacha."

Tuliomwandama zaidi ni sisi watoto. Tulimfuata hadi mtoni tukiimba mjuaji, mjuaji, na mwanzishaji wa wimbo nilikuwa mimi. Kabla ulezi haujavunwa alifunga mzigo wake akavuka tena mpaka. Hatukumsikia tena.

Lakini kesho yake baada ya kumuumbua, bibi alinipa zile barua tatu alizozihifadhi. Alikaa mkekani, amejifunga kitambaa chake cha kanisani. Nikasoma kama mwalimu alivyotufundisha, kwa sauti, bila kuruka neno. Katika ya kwanza baba mdogo alikuwa akikohoa damu. Katika ya pili alikuwa amelazwa, anaomba mtu wa nyumbani aje amchukue. Ya tatu ilikuwa na mwandiko mwingine, wa mwenzake wa kambini. Nilikuwa nimekwisha kulitamka neno "tumemzika" kabla sijalielewa.

Bibi aliniuliza iliandikwa lini. Nikamsomea. Ilikuwa imekaa nyumbani mwetu tangu mavuno ya mwaka uliopita.

"Angeniita, ningekwenda hata kwa miguu," alisema. Kisha, akizikunja zile barua, "Alikuwa ameniita."

Hakumlaani Bwana Gazeti, angalau sikumsikia. Mimi hakunipiga wala hakunigombeza, ila hakuniomba tena kumsomea chochote. Jumapili kanisani alimpa mtoto wa watu kitabu chake cha nyimbo amsomee, mimi nimekaa ubavuni pake. Nilisubiri anigeukie. Masika yale alilala siku nyingi bila kula, akafa kabla ya mavuno. Kahawa iliiva ikaozea mtini kwa kukosa mchumaji.

Nyumba ilibomoka zamani. Uwanja alioanikia kahawa leo ni shamba la mahindi la watu nisiowajua, na nilipopita hapo mwaka jana hakuna aliyeniuliza ninatafuta nini. Kaburi la baba mdogo hatukuwahi kuliona. Walioweza kutuonyesha wamekufa wote.