Mguu wa Mama Pasi

Siku daktari alipoikata plasta ngumu na kuufungua mguu wa kushoto wa Mama Pasi, mwenyewe aliutazama akauliza, "Huu wa nani?"

Hakuwa anatania. Paja alilolijua yeye, lile lililosimama mbele ya mashine ya pasi kwa miaka ishirini na mitatu, lilikuwa limekwenda zake. Lililobaki lilikuwa jembamba, ngozi imelegea, na goti limetokeza kama kitasa cha mlango. Wiki saba tu! Binti yake aliyemsindikiza aligeukia pembeni, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

"Usinililie," Mama Pasi akamwambia. "Mguu haujafa, umelala."

Jina hilo la Pasi hakupewa na wazazi. Alilipata kazini, kwenye idara ya ufuaji ya hospitali. Mashuka ya wodi zote hufuliwa chini kabisa, halafu hupandishwa ghorofa moja kwenda kwenye mashine ya pasi, yenye rola mbili ndefu za moto zinazomeza shuka bichi upande huu na kulitoa kavu upande wa pili. Yeye ndiye aliyesimama upande wa kutokea. Shuka lilikuja likifuka mvuke. Mgeni huliachia akapuliza vidole, lakini Mama Pasi alilikunja mara nne huku akipiga soga, na hakuna umbea wa hospitali hiyo uliowahi kumpita. Kati ya chini na juu kulikuwa na ngazi ishirini na mbili, na lifti iliyokufa zamani mpaka wafanyakazi wakageuza mlango wake kuwa mahali pa kutundikia aproni. Kila kapu lilipandishwa kwa mikono ya watu, Mama Pasi akiwemo. Ndiko huko chini alikoteleza, kwenye maji ya bomba bovu alilolilalamikia mara tatu, akavunjika mfupa chini ya goti.

Msimamizi wa idara, bwana mmoja wa sauti laini na kalamu mbili mfukoni, hakumsahau. Alimpelekea barua nyumbani. Barua ilisema kwamba kwa kuzingatia umri wake wa miaka hamsini na minne, na kwa huruma ya uongozi, angehamishiwa kazi nyepesi: chumba cha sare, kushona vifungo. Kama anataka kurudi kwenye pasi, hewala, lakini baada ya wiki nane apandishe kapu lililojaa mpaka juu bila kulitua njiani. Akishindwa, ni vifungo mpaka kustaafu.

"Vifungo!" Mama Pasi aliirusha barua mezani. "Nikae kwenye kiti nitunge uzi, na macho yenyewe haya? Thubutu!"

"Lakini mama, si upumzike tu?" binti yake alisema. "Umefanya kazi ya kutosha."

"Nipumzike? Mguu umepumzika wiki saba, umeona ulivyokuwa. Unataka na mimi mzima niwe hivyo?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa msichana ambaye Mama Pasi angeweza kumzaa mwisho mwisho. Siku ya kwanza alimwamkia vizuri, "Shikamoo mama," na heshima ikaishia hapo. "Kaa kwenye kiti hicho. Sasa simama bila kushika kitu." Mama Pasi akainuka nusu, akarudi chini kwa kishindo.

"Marahaba," akasema akihema.

Msichana hakucheka. Akamweleza kwamba misuli haina undugu na mtu. Usipoitumia, mwili unaona hauna haja ya kulisha kisichofanya kazi, unaipunguza. Ukiibebesha zaidi kidogo kuliko ilivyozoea, inajijenga upya. "Na haijengwi ukiwa unafanya mazoezi, mama. Inajengwa baadaye, ukishakula na kulala. Kwa hiyo leo kazi, kesho pumziko. Usinichanganyie." Kisha akaongeza kwamba nyumbani aweke taulo la moto pajani dakika ishirini. Joto linaleta damu, linalegeza viungo, na wapo wataalamu waliopima wakaona linaisaidia misuli isiishe upesi. "Lakini ni msaidizi tu. Joto halitakupandisha ngazi."

Mama Pasi alisikia neno moja tu. "Joto? Hapo mwanangu umenikuta nyumbani kwangu."

Jioni hiyo alichemsha maji, akatumbukiza taulo, akalikamua kwa mikono yake. Akalipima kwa kiganja, kama alivyopima mashuka miaka yote. Kiganja kikasema vuguvugu. Akalifunga pajani. Paja likalalamika, akalinyamazisha, kwani dawa gani isiyouma? Dakika ishirini zilipokwisha alifungua akakuta lengelenge kubwa kama yai.

"Ulipimia nini?" msichana aliuliza kesho yake, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Kwa mkono."

Msichana akaushika ule mkono, akaugeuza, akabonyeza kiganja kwa ncha ya kalamu. "Unasikia?"

"Kitu gani?"

Hapo hata yeye alicheka, bila kutaka. "Mama, kiganja hiki kimezoea moto miaka ishirini na mitatu. Paja lako halikuwa nacho kazini. Kila kiungo kinazoea kivyake."

"Maji ya moto hayaunguzi nyumba," Mama Pasi akajitetea.

"Nyumba hayaunguzi. Paja je?"

Akapigwa marufuku ya taulo mpaka kidonda kipone, na baada ya hapo apime kwa kiwiko. Aliondoka amenuna. Lakini njiani alikitazama kile kiganja, akaona raha ya ajabu. Kama hiki kimezoea moto bila mtu kukibembeleza, paja litashindwa na nini?

Alianza na kiti. Kukaa na kusimama mara tano, wiki iliyofuata mara kumi, kisha mara kumi na tano. Akahamia kwenye ngazi za jengo alimopanga, mikono mitupu. Majirani walimwona akipanda na kushuka bila kubisha mlango wa mtu.

"Mama Pasi, kwani umesahau nini huko juu?"

"Nimeusahau ujana wangu. Nakwenda kuuchukua."

Kushuka ndiko kulikomtesa. Siku mbili baada ya kila zoezi mapaja yaliuma hata kukaa chooni ikawa shughuli. Msichana alimwambia ni kawaida, misuli inaumia zaidi inapozuia uzito kuliko inapoinua. "Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma," Mama Pasi alisema, na akaendelea kushuka.

Wiki ya tano walipima paja kwa utepe. Liliongezeka kiduchu, si cha kumwonyesha mtu. Akawaka. "Nimejitesa mwezi mzima kwa hiki?" Msichana akamwambia nguvu hutangulia: kwanza mishipa ya fahamu inajifunza upya kuiamsha misuli, nyama yenyewe inakuja nyuma, polepole. "Wiki ya kwanza hukuweza kuinuka kwenye kiti. Leo unapanda na nusu ndoo ya maji. Unamkasirikia nani?"

Wiki ya sita akajaza ndoo. Alipofika katikati ya ngazi goti likakataa. Ndoo ikamponyoka, maji yakamwagika mpaka mlango wa nje. Mama Pasi akakaa kwenye ngazi ile iliyolowa, akalia. Alilia kwa hasira na kwa woga, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikiona kile chumba cha sare, na kiti, na yeye juu yake. Alipomaliza kulia akapiga deki ngazi zote. Kesho yake alipumzika kama alivyoagizwa, na kesho kutwa akarudi na ndoo ile ile.

Siku ya mtihani wanawake wa idara nzima walisimama chini wakijifanya wana kazi. Msimamizi alijaza kapu yeye mwenyewe, na hakuona haya kuongeza shuka moja juu. Msichana wa mazoezi alisimama kando, mikono kifuani.

Mama Pasi akalibeba. Ngazi kumi za kwanza alizipanda vizuri. Ya kumi na nne paja likaanza kutetemeka, watu wote wakaliona.

"Litue tu, mama," msimamizi alisema nyuma yake, kwa ile sauti laini. "Hakuna aibu. Umri ni umri."

"Umri wangu nimeubeba bila kukuomba msaada," akajibu, meno yameumana. "Pisha."

Ya kumi na nane akasimama, kapu kifuani, akavuta pumzi. Hakulitua. Ya kumi na tisa. Ya ishirini. Alipolibwaga mbele ya mashine ya pasi, chini kulilipuka vigelegele.

Msimamizi akasubiri vikome. Akatoa kalamu moja, akaitazama. "Hongera. Ila hiyo ni mara moja, mama. Zamu moja ni makapu arobaini."

Hilo halikuwamo kwenye barua, na kila mtu alijua. Msichana, aliyepanda nyuma yao, alifungua mdomo apinge, lakini Mama Pasi alikuwa ameshageuka. Alishuka bila kushika ukuta, akachukua la pili, akapanda. Akachukua la tatu. Jasho lilimtiririka, mguu ukiwaka. La nne. La tano alilibwaga karibu kabisa na viatu vya msimamizi, naye akaruka nyuma.

"Basi, mama, basi," akasema, na sauti ilikuwa imepoteza ulaini wake wote. "Nimeona. Rudi kwenye pasi yako."

"Basi kitu gani?" Mama Pasi alikuwa ameshaanza kushuka. "Hayo ni matano. Yamebaki thelathini na tano. Hesabu!"