Siku Ngolo Alipoamka Ndani ya Abakosi Yangu

Haya, mucheke, lakini mucheke mara moja mumalize, maana miaka yote hii nasikia watu wanasimulia habari hii vibaya, wengine wanasema nilikuwa nimelewa, wengine wanasema nilipandwa na kichaa mbele ya bendera, na mimi ninanyamaza kwa aibu. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa na samaki tumboni, na sisemi samaki niliyemla, nasema samaki mzima, juu ya ngozi yangu, ananitafuta kitovu.

Wakati ule wa Zaire nilikuwa karani katika biro moja hapa Kindu, kijana wa kalamu, viganja laini kama vya mtoto mchanga, na nilikuwa nikimtaka Zaina wa mtaa wa Kasuku hadi usingizi ukanikimbia. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, kwa hiyo neno lote lilikuwa kwa mama yake. Shangazi yangu Mwamini ndiye aliyekuwa akipeleka maneno na kuyarudisha (kwetu mkwe humsogelei ovyo, huli mbele yake, na zaidi ya yote humwonyeshi mwili wako, hata kifua, ukimkuta njiani unapita pembeni huku umeinamisha kichwa), na siku moja akaniletea jibu. "Mama ya Zaina hana neno mubaya juu yako," akasema, "lakini anaogopa mutoto wake ataolewa na karatasi. Anasema Jumamosi magaribi umupelekee samaki. Si wa kununua. Umukamate na mukono wako, na afike angali anapumua. Akimuona, atasema ndiyo."

Nikafurahi. Samaki mmoja tu, na mto Lualaba uko pale!

Sasa, bironi kwetu kulikuwa na mkurugenzi mpya, Sitwayeni Lukusa (sitwayeni ni raia, wakati ule 'bwana' ilikatazwa), aliyekuwa amerudi kutoka Ulaya na digrii, na fimbo ya kuvulia yenye kimashine cha kuzungusha uzi, na imani mpya ambayo Kindu hatukuwahi kuisikia: kwamba samaki wa mtoni anakamatwa, anapimwa, anaandikwa katika daftari, halafu anarudishwa majini, na mvuaji anaenda nyumbani kula sombe, majani ya muhogo. Ijumaa huyo patro wetu, bosi mkubwa, akapita mezani kwangu.

"Ramazani, unajua kuvua?"

"Ndiyo, patro."

"Na ukisha kumukamata samaki, unamufanya nini?"

Hapo, ndugu zangu, njo mambo yote yalipozaliwa. Mtu mwenye akili angejibu: ninamla, patro, na mawese na pilipili, wewe unamfanya nini? Lakini nikamwangalia usoni, nikaona jibu analolitaka, na ulimi wangu ukaenda wenyewe. "Ninamurudishaga, patro. Ule ni mupiganaji, kumukula si heshima." (Heshima! Mimi ambaye kichwa cha samaki nilikuwa nakifyonza mpaka macho.) Patro akanishika bega kama amempata ndugu yake aliyepotea vitani, akasema kesho tutaenda wote mtoni, yeye na mimi, na mtumbwi amekwisha kuuagiza. Ningesema kesho nina shughuli ya ukweni, ingekwisha. Lakini nikapiga hesabu ya kijinga: mtumbwi wa bure, ndoano ya Ulaya, samaki atapatikana, namna ya kumfikisha kwa Mama Zaina nitaijua mbele ya safari.

Shati langu zuri, lile moja, nilikuwa nimelifua asubuhi ile ya Jumamosi likauke kwa ajili ya magaribi. Na kwenda na mkurugenzi bila abakosi, lile koti letu la wakati ule lisilotaka tai, haikuwezekana, hata kama mnaenda kukaa ndani ya mtumbwi unaovuja. Basi nikavaa abakosi juu ya ngozi tupu, nikafunga vifungo mpaka shingoni, nikajiona nimetatua tatizo.

Aliyepiga kasia alikuwa Saleh, mvuvi wa Alunguli ng'ambo ya mto, mtu wa maneno machache. Patro akakamata samaki wa kwanza, mboto mnene, akampima, akamwandika, akamrudisha. Saleh akameza mate. Akakamata wa pili, akamrudisha. Kwa wa tatu Saleh akaacha kupiga kasia kabisa.

"Patro," akasema, "kama humutaki, mbona ulimuita?"

Patro akamweleza vizuri, kwa uvumilivu wa mwalimu, kwamba samaki mkubwa akibaki mtoni atazaa, na watoto wa Saleh watakuta samaki kesho. (Na nisimpunje, neno lile halikuwa la kijinga, mboto ninaowaona sokoni siku hizi ni wa kiganja, na nikiwaona ninamkumbuka.) Saleh akasikiliza mpaka mwisho, akajibu: "Watoto wangu wanakulaga leo." Wote wawili wakanitazama mimi nikate kesi. Mimi nikaanza kubadilisha chambo.

Alasiri ikazidi kwenda, ndoano yangu kimya. Halafu, jua limekwisha kuinama, uzi ukavutwa, na nikamtoa ngolo, yule samaki mweusi wa masharubu, urefu wa mkono wangu. Kila mtu wa mto anajua ngolo ana roho ngumu, ukimfunika na kitambaa kibichi anakaa saa nyingi bila maji wala hafi. Mungu alikuwa ameniletea samaki yule yule wa kumpelekea mkwe! Patro akampima, akaona sharubu moja la kushoto limekatika, akafurahi, akageuka kuandika kwenye daftari. Nikapiga maji kwa kiganja, pwaa, na kwa mkono wa pili nikamviringisha ngolo ndani ya kitambaa cha kukaushia mtumbwi, nikamsukuma ndani ya abakosi, nikakaza mkanda chini yake.

"Ameenda?" patro akauliza bila kugeuka.

"Ameenda, patro."

Saleh aliona yote. Akakohoa, akaanza kupiga kasia kwa furaha niliyokuwa sijaiona kwake tangu asubuhi.

Tukapanda kutoka bandarini kwa miguu, patro ananisifu, mimi natembea kama mama mjamzito, mkono juu ya tumbo, ngolo amelala fofofo. Nilikuwa nimekwisha kupanga: niagane na patro njia panda, nikimbie kwa Shangazi Mwamini, nichukue beseni, shati, na mke. Tulipofika mbele ya ofisi ya serikali ya zone, filimbi ikalia.

Waliokuwapo wanajua, na wasiokuwapo nawaambia: saa ya kuteremsha bendera, ilikuwa ni kusimama. Baiskeli inasimama, mama wa beseni la muhogo anasimama, gari linazima moto, hakuna kujikuna, hakuna kupiga chafya kama unaweza kujizuia. Jandarme, askari wa serikali, yuko pale anatafuta macho ya nani yanacheza. Tukasimama, mikono chini. Nikainua macho kidogo, na ng'ambo ya barabara, kikapu cha soko mkononi, nani amesimama? Mama Zaina. Na Shangazi Mwamini kando yake, na chupa ya mawese. Walikuwa wametoka kununua mafuta ya kumpikia samaki wangu.

Na kamba ya bendera ikakwama. Bendera ikafika katikati, ikakataa kushuka, ikakataa kupanda. Na ngolo, sijui ni joto langu au mapigo ya moyo, akaamka.

Mwanzo aligeuka tu, polepole, nikabana meno. Halafu akapiga mkia. Halafu akafungua ile miiba miwili ya mapezi, na ile miiba, jamani, ilinichoma penye nyama laini chini ya mbavu, nikaruka. Nikajishikiza. Akachoma upande mwingine, nikaruka upande mwingine. Watu wamesimama kama miti, mji mzima kimya, bendera nusu mlingoti, na katikati ya kimya kile niko mimi, mikono nimeibana chini kwa utii, kiuno kinakwenda peke yake. Nikasikia patro akinong'ona kwa pembe ya mdomo: "Ramazani, iko nini?" Iko nini! Ningemwambia nini?

Bendera ikashuka hatimaye, na filimbi ya pili ya kuwaachia watu ilipolia, jandarme alikuwa amekwisha kufika. "Wewe! Unachezea bendera?"

"Hapana, chefu."

"Na tumboni iko nini? Fungua!"

"Chefu, nakuomba, si hapa. Mukwe yangu njo ule pale."

"Fungua!"

Nikafungua. Kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu, nikaona Mama Zaina anang'amua kinachokuja, anainua upande wa kitenge kufunika uso, akachelewa. Kifua changu chote, na tumbo lenye damu na utelezi wa samaki, mbele ya mama mkwe, jua halijazama bado, Kindu mjini. Ngolo akaanguka vumbini, akaanza kutambaa kuelekea kwake, kana kwamba yeye angalau anakumbuka ahadi. Mama Zaina akageuza mgongo, akaondoka. Machozi yalinitoka, sifichi.

"Lakini ule njo wangu!" patro akapaza sauti. "Ule wa sharubu moja! Ramazani, ulisema ameenda!"

"Kumbe ni wako?" jandarme akamgeukia.

"Nilimurudisha mtoni."

"Ulimukamata, ukamurudisha?" Jandarme akamsogelea. "Kwa sababu gani?" Na patro, badala ya kunyamaza, akaanza kueleza mambo ya Ulaya, kisha akainama kumchukua ngolo akamtie majini upesi, na jandarme akaona wazi kwamba mtu huyu anataka kuficha ushahidi. Tukapelekwa wote wawili.

Komanda wao, mtu wa tumbo kubwa na sauti ya upole, alisikiliza kila kitu. "Sitwayeni Mkurugenzi," akasema, "huyu karani alificha chakula ili watu wakile. Wewe ulikipata, ukakiandika, ukakitupa. Mbona kosa lako njo ninashindwa kulipatia jina?" Akamkamata ngolo kama kielelezo cha kesi. Baada ya muda kielelezo kikaanza kunukia vitunguu. Tulikuwa hatujala tangu asubuhi. Komanda akatuita mezani kwa huruma, na mimi niliyechomwa miiba nikala kwa hasira, lakini patro, yule patro wa heshima ya mpiganaji, alichukua kichwa. Alikifyonza mpaka macho. Akafuta mdomo, akaniambia: "Hii isifike bironi." (Daftari lake liliendelea kusema samaki wote wamerudishwa. Mpishi wake wa nyumbani alijua wale waliofika sufuriani.)

Asubuhi, tulipoachiliwa, Shangazi Mwamini akaja. "Mama ya Zaina anasema, ulete kitenge cha kufunika macho yake. Ya kifua atasamehe, aliona ulilazimishwa. Lakini anauliza: samaki wake iko wapi?"

"Nilimukula, Shangazi."

"Peke yako?"

"Na patro. Na komanda."

Alikaa chini kwa kucheka, akashindwa kusimama. Aliporudi kwa Mama Zaina, sijui alisema nini, lakini nilivua Jumamosi sita nyingine, kwa ndoano yangu mwenyewe, mpaka nikapata ngolo mwingine, nikampeleka ndani ya beseni, nimevaa shati, na fulana mbili chini yake. Mama Zaina akasema ndiyo.

Tangu siku ile nimeapa: swali la kumla samaki au kumrudisha ninalijibu kabla sijatia ndoano majini, na kwa sauti ambayo patro yeyote ataisikia. Nina watoto saba na Zaina. Na mpaka leo, nikifika kwa Mama Zaina, harufu ya samaki imejaa uani, na mimi nikiwa chumba cha pili ninaletewa sombe, sombe tupu, na nasikia sauti yake nyuma ya pazia ikimwambia binti yake: "Samaki iko, lakini bwana yako, wake alikwisha kumukula."